Barakoa za watoto na dozi ya nyongeza: tununue zipi, na tuchanje sasa au tusubiri?

Mama Nuru

Habari zenu wanajukwaa. Nina mambo mawili ya kuamua kabla shule hazijafunguliwa, na muda umebaki mdogo. La kwanza ni barakoa: nimetenga fedha za kununua za kutosha muhula mzima, na ninachagua kati ya za upasuaji zenye saizi ya watoto, KF94 zinazokunjuka mbele ya mdomo, na KN95 (za kiwango cha China) ambazo muuzaji anasema zimetengenezwa kwa ajili ya watoto. La pili ni dozi ya nyongeza ya UVIKO-19. Kituo cha afya kimeanza kuitoa kwa watoto, lakini mume wangu anaona tusubiri kidogo. Waliokwisha kupitia haya naomba wanisaidie kulinganisha, kwa maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Muuguzi wa Zamu

Mama Nuru, swali lako ni la msingi lakini halijibiki namna ulivyoliweka. Hukutaja umri wa watoto, chanjo waliyoanza nayo, tarehe ya dozi ya pili, wala kama wamewahi kuugua. Umri ndio unaoamua karibu kila kitu hapa. Kwa chanjo ya Pfizer, mtoto wa miaka 5 hadi 11 hupewa mikrogramu 10, na kuanzia miaka 12 hupewa mikrogramu 30 kama mtu mzima. Kinachohesabiwa ni umri alio nao siku ya kuchomwa sindano, wala si uzito wake. Na hata barakoa hatuwezi kukushauri, kwa kuwa uso wa mtoto wa miaka minne hauvai kitu kinachovaliwa na mtoto wa miaka kumi.

Baba Tumaini

Wakati tunasubiri majibu ya mleta mada, mimi nasema KF94 na sina wasiwasi nalo. Kiwango hicho ni cha Korea Kusini, kinataka kichujio kizuie angalau asilimia 94 ya chembechembe wakati wa majaribio, na viwanda vya huko vinatengeneza saizi ndogo kwa makusudi, kwa hiyo hulazimiki kumvalisha mtoto barakoa ya mtu mzima iliyopunguzwa kamba. Umbo lake linaacha nafasi mbele ya mdomo, mtoto anazungumza bila kitambaa kumwingia kinywani. Binti yangu huvaa tangu asubuhi hadi anapotoka darasani bila kulalamika, na hilo kwangu ndilo pimo la kwanza.

Mama Zawadi

Ndugu zangu, naomba niwasimulie yaliyonipata, kwa sababu Mama Nuru ametaja KN95 za watoto na nisingependa apite njia niliyopita mimi.

Wakati wagonjwa walipokuwa wakiongezeka kila siku, niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni katoni nzima ya KN95 za watoto. Maelezo yake yalikuwa marefu na yenye kujiamini, picha zilikuwa safi, na juu ya pakiti kulikuwa na muhuri unaosema kwamba barakoa zimeidhinishwa na NIOSH kwa matumizi ya watoto. Zilipofika nilifurahi, kwa kuwa zilikuwa na rangi ambazo mwanangu anazipenda. Siku ya kwanza alirudi nyumbani kamba ya sikio moja imeng'oka, nikadhani ni bahati mbaya. Siku zilizofuata hali ikawa ileile. Ndipo nikaketi na kuichunguza moja kwa utulivu. Waya wa puani ulikuwa utepe mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwa gundi. Ukiuminya juu ya pua unarudi kunyooka papo hapo, na pale pembeni mwa pua ningeweza kupitisha kidole changu kidogo. Nilipoikata kwa mkasi nilikuta tabaka tatu laini zinazofanana, na ilipowekwa mbele ya taa mwanga ulipenya kama katika kitambaa cha pazia.

Baadaye nikajifunza kwamba ule muhuri peke yake ulitosha kunionya. NIOSH ni taasisi ya Marekani inayoidhinisha vifaa vya kupumulia vya wafanyakazi, na haiidhinishi barakoa yoyote kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo pakiti yenye picha ya mtoto na jina la NIOSH pamoja inadanganya, hata kama kila kitu kingine kinaonekana sawa. Niliandika malalamiko, muuzaji akajibu kwamba barakoa hazirudishwi kwa sababu za usafi, kisha ukurasa wake ukatoweka. Kilichoniuma kuliko fedha ni zile siku ambazo mwanangu alikaa darasani mimi nikiamini kwamba amelindwa.

Mwalimu Subira

Pole sana Mama Zawadi. Mamlaka za afya za Marekani zenyewe ziliwahi kueleza kwamba takribani asilimia 60 ya KN95 walizozipima mwaka 2020 na 2021 hazikufikia kiwango kilichodaiwa.

Hata hivyo naomba nitofautiane kidogo na Baba Tumaini. Nikiwa darasani ninaona barakoa za kila namna, na ninachokiona ni kwamba jina lililoandikwa kwenye pakiti halina maana kubwa ikiwa hewa inapita pembeni. Mtoto mwenye uso mwembamba akivaa barakoa ya upasuaji, mashavuni hubaki matundu makubwa pande zote mbili. Hilo linaweza kurekebishwa bila gharama: funga fundo dogo kwenye kila kamba ya sikio karibu kabisa na kona ya barakoa, kisha ingiza ndani mikunjo inayobaki wazi pembeni. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walilipima jambo hilo kwa kutumia kichwa cha bandia kinachokohoa; barakoa ya upasuaji ilipovaliwa kawaida ilizuia asilimia 56 hivi ya chembechembe, na ilipofungwa fundo na kukunjwa ikazuia asilimia 77. Barakoa ya kitambaa inayobana ikivaliwa juu ya ile ya upasuaji ilifika asilimia 85. Ni kweli kichwa kile hakikuwa cha mtoto, lakini fundisho ni lile lile.

Baba Tumaini

Mwalimu, mtoto gani atavaa barakoa mbili siku nzima? Kwenye maabara inawezekana. Kwenye kiwanja cha michezo ataivua ya juu kabla ya kengele ya kwanza.

Mwalimu Subira

Wapo wanaovaa, Baba Tumaini, na wapo wasioweza. Ndiyo maana nikaanza na fundo. Hata hiyo KF94 nayo mzazi aipime nyumbani kabla ya kununua nyingi: mvalishe mtoto, mwambie apulize kwa nguvu, kisha pitisha kiganja kando ya pua na chini ya kidevu. Ukihisi hewa inatoka, hiyo si saizi yake. Akivuta pumzi, barakoa iliyokaa vizuri huvutika kidogo kuelekea usoni. Kwa mtoto anayevaa miwani huhitaji hata kiganja, kwa sababu vioo vikijaa mvuke umeshapata jibu.

Mama Nuru

Nawashukuru sana, na namshukuru Muuguzi kwa kunibana. Mkubwa ana miaka 11 na atatimiza 12 baada ya wiki chache. Alipata dozi mbili za Pfizer, zile ndogo, na tangu ya pili imepita miezi sita. Mdogo ana miaka minne, hajachanjwa, na ana pumu. Mkubwa alipata homa na kikohozi miezi miwili iliyopita lakini hatukumpima. Hoja ya mume wangu ni hii hasa: kwa nini tumpe sasa mikrogramu 10, wakati tukivumilia kidogo tu atapata 30?

Mfuatiliaji

Mumeo hajauliza jambo la ovyo, Mama Nuru. Takwimu za jimbo la New York za wakati wa wimbi la Omikroni, aina mojawapo ya kirusi cha UVIKO-19, kati ya Desemba 2021 na mwisho wa Januari 2022, zilionyesha kwamba kinga dhidi ya maambukizi kwa watoto wa miaka 5 hadi 11 waliopata dozi mbili ilishuka kutoka asilimia 68 hadi 12. Kilichowashangaza wengi ni kwamba watoto wa miaka 12, waliopata dozi kubwa, walikuwa na kinga ya asilimia 67 katika wiki ile ya mwisho, ilhali wenzao wa miaka 11 walikuwa na asilimia 11. Miezi michache ya kuzaliwa, tofauti kubwa namna hiyo. Ningekuwa mimi, ningesubiri.

Muuguzi wa Zamu

Nakuomba uyasome matokeo hayo hadi mwisho, Mfuatiliaji. Unapowalinganisha watoto wa miaka 11 pekee na wa miaka 12 pekee, idadi ya watoto huwa ndogo na makadirio huyumba sana. Jambo la pili ni kwamba kinga dhidi ya kulazwa hospitalini, ingawa nayo ilishuka, ilibaki juu kuliko kinga dhidi ya kuambukizwa, na kinachotupeleka kuchanja watoto kwanza ni kuwaepusha na kitanda cha hospitali. Tukumbuke pia kwa nini ilichaguliwa dozi ya 10: katika majaribio, watoto hao walitengeneza kingamwili zinazolingana na za vijana wa miaka 16 hadi 25 waliopata 30, huku homa na maumivu vikiwa afadhali.

Marekani iliidhinisha dozi ya nyongeza kwa miaka 5 hadi 11 mwezi Mei 2022, angalau miezi 5 baada ya dozi ya pili. Mtoto wa Mama Nuru ameshaupita muda huo, na mwongozo wa huko ulikuwa kwamba mtoto apewe dozi ya umri alio nao bila kungoja siku ya kuzaliwa. Nchi nyingine zina ratiba zao, kwa hiyo aulize kituo anachokwenda wanafuata ipi.

Mfuatiliaji

Nimesoma hadi mwisho, dada. Na wewe usisahau kwamba ile taarifa ya kampuni ya Pfizer yenyewe kuhusu nyongeza kwa umri huo, iliyodai kingamwili dhidi ya Omikroni ziliongezeka mara 36, ilitokana na uchambuzi wa watoto 30 tu. Ikiwa idadi ndogo ni kasoro kwa upande wangu, basi iwe kasoro kwa upande wako pia.

Muuguzi wa Zamu

Hilo nalikubali bila ubishi. Ushahidi wa nyongeza kwa watoto wenye afya ni mwembamba kuliko ule wa dozi mbili za kwanza. Ninachokipinga ni kumwacha mtoto aingie darasani mwanzo wa muhula, wakati mchanganyiko ni mkubwa, kwa sababu ya kungojea namba kwenye kichupa.

Mama Zawadi

Na ile homa ya miezi miwili iliyopita mbona mmeiruka? Ikiwa ilikuwa UVIKO-19, mtoto ana kinga yake tayari, na nimesikia wengine wakishauriwa kusubiri miezi mitatu baada ya kuugua.

Muuguzi wa Zamu

Ni kweli, mamlaka kadhaa zinaruhusu kusubiri miezi 3 baada ya maambukizi. Lakini zinazungumzia maambukizi yaliyothibitishwa. Kikohozi ambacho hakikupimwa kinaweza kuwa chochote.

Baba Tumaini

Mimi nina wasiwasi mwingine, na nauliza kwa nia njema. Mkubwa ni wa kiume? Kuna lile suala la uvimbe wa misuli ya moyo baada ya chanjo.

Mama Nuru

Ni wa kiume, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Muuguzi wa Zamu

Pole, mama. Tatizo hilo lipo na ni haki yako kulifikiria. Limeonekana zaidi kwa wavulana wa umri wa kubalehe na vijana wa kiume, hasa katika siku za mwanzo baada ya dozi ya pili, na ni nadra. Kwa miaka 5 hadi 11 limeonekana kwa uchache zaidi. Walio wengi hupata nafuu kwa matibabu na mapumziko. Ugonjwa wenyewe wa UVIKO-19 nao unaweza kuudhuru moyo. Baada ya sindano, mtoto akilalamikia maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au pumzi kumpungua, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Mwalimu Subira

Tusimsahau mdogo, maana ndiye asiye na kinga yoyote na ana pumu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema watoto wa miaka 5 na chini wasilazimishwe kuvaa barakoa, na Marekani wao walianzia miaka 2. Wazazi wengi hugombana kwa sababu kila mmoja ameshika mwongozo mmoja kati ya hiyo miwili. Kwa umri wa miaka minne, ninaona afadhali barakoa laini atakayoivaa muda wote kuliko KN95 atakayoivua mgongo wako ukigeuka. Wavulieni nje, kwenye hewa wazi, ili wapumzike.

Baba Tumaini

KF94 zipo hadi za watoto wadogo, Mwalimu. Na msizifue! Kichujio hufanya kazi kwa chaji ya umeme tuli, sabuni ikiigusa nguvu inapotea ingawa kwa macho barakoa ni ileile. Ianikeni ndani ya mfuko wa karatasi, badilisheni kwa zamu, na ikilegea au kuchafuka itupwe.

Muuguzi wa Zamu

Pumu iliyodhibitiwa vizuri kwa kawaida haimzuii mtoto kuvaa barakoa, ila daktari anayemtibu athibitishe. Na asibaki bila chanjo kama kwenu inapatikana: mwezi Juni 2022 Marekani iliruhusu chanjo kuanzia umri wa miezi 6, Pfizer kwa dozi 3 za mikrogramu 3, na Moderna kwa dozi 2 za mikrogramu 25. Kwangu mimi, safari ya kituoni ni ya huyu kwanza.

Mama Nuru

Hilo sikuwa nimelifikiria, akili yangu yote ilikuwa kwa mkubwa. Nitanunua pakiti ndogo ya KF94 za saizi mbili na kuwapima kwanza, na hizo KN95 naziacha. Kuhusu dozi ya mkubwa, nimemsomea mume wangu michango yenu yote, na yeye amesimama na Mfuatiliaji.

Mfuatiliaji

Mwambie aulize pia kama kituo kina vichupa vya aina zote mbili. Cha watoto si kila kituo kinacho kila siku.

Mama Zawadi

Mama Nuru, ukipata KF94 za saizi ya miaka minne zisizomwacha wazi kidevuni, tafadhali rudi hapa uniambie ni za vipimo gani, kwa kuwa wangu wa mwisho ni wa umri huohuo na bado natafuta.