Mada: Maboksi ya vitabu vya watoto yamekwama Dar. Barua iandikwe na nani?

Mwl. Tumaini, Leeds (Jumatatu usiku)

Wapendwa, kamwene.

Maboksi matatu, kilo 40 kwa jumla, yamekwenda kwa meli kwa ajili ya shule ya msingi moja ya kijijini Rungwe, Mbeya. Ndani kuna vitabu vya hadithi 140 (Kiswahili 60, Kiingereza 80), madaftari 100 na penseli za rangi pakiti 20. Kwenye orodha yameandikwa "msaada wa shule", thamani sifuri. Yamefika Dar, wakala wa forodha anataka TIN (namba ya mlipakodi) ya mpokeaji na barua, na ghala linahesabu gharama kila siku.

Maswali mawili tu. Barua iandikwe na nani, mwalimu mkuu au mkurugenzi wa halmashauri? Na aandikiwe nani? Naomba jibu kabla ya Ijumaa.

Kwa wanaoniuliza kila mara nimechagua vitabu gani: cha kwanza ni vile visivyo na maneno kabisa, picha tupu. Mtoto wa darasa la kwanza anayeongea Kinyakyusa nyumbani anasimulia picha kwa lugha anayoijua, mwalimu anamrudishia kwa Kiswahili, na hapo msamiati unaingia bila fimbo. Cha pili, hadithi za sungura na fisi zenye sentensi inayorudiwa kila ukurasa, maana ukurasa wa tatu tu mtoto "anasoma" kabla hajajua herufi. Cha tatu, vitendawili, swali ukurasa wa mbele na jibu nyuma ya karatasi. Vile vya nne watu huvisahau, navyo ni vitabu vya mambo ya kweli: nyuki, mvua, gari linavyotembea. Wavulana wasiotaka hadithi hunaswa na hivyo.

Mama Neema, Houston (Jumanne asubuhi)

Mwalimu, pole sana. Kosa ni kuchanganya. Boksi la vitabu pekee ni tamko la mstari mmoja. Ukitia madaftari na penseli, tayari una namba tatu za forodha: vitabu 4901, madaftari 4820, penseli 9609, na kila namba ina ushuru wake. Afisa akikuta bidhaa mbili ambazo hazikuandikwa, anafungua boksi zima na kuanza kuhesabu moja moja.

La pili, thamani sifuri haipo. Zawadi nayo ina thamani. Ukiandika sifuri, afisa anakadiria mwenyewe, na hatakadiria kwa huruma. Andika bei ya mtumba: kitabu kwa kitabu, jina, idadi, bei ya kimoja, jumla. Vitabu 140 ni kurasa tatu za orodha, si kazi ya usiku kucha.

Kwa wengine mlioko huku Marekani: posta ina M-bag, mfuko wa machapisho kwa mpokeaji mmoja kwenye anwani moja, kuanzia pauni 11 hadi 66. Unajaza fomu ya forodha na kufunga lebo kwenye mfuko. Ndani weka machapisho, si penseli.

Ambwene, Oslo (Jumanne mchana)

Mama Neema, shikamoo, lakini si kila kitabu cha mtoto ni 4901. Vitabu vya picha vya watoto, vya kuchora na vya kupaka rangi vina namba yao, 4903. Maelezo ya sura ya 49 ya orodha ya namba hizo za forodha yako wazi: kitabu cha picha cha watoto ni kile ambacho picha ndiyo kiini na maneno ni nyongeza. Hadithi ya kurasa 64 yenye michoro sita ni 4901. Vile visivyo na maneno alivyovitaja Mwalimu ni 4903 bila ubishi. Orodha itenganishwe hivyo, makundi mawili, wakala asije akaandika kundi moja kwenye TANSAD (hati ya tamko la forodha) na afisa akaona jingine. Wakigongana hapo, mzigo haumaliziki wiki hiyo.

Na kwenye CN23, fomu ya forodha ya posta, msiweke alama kwenye kisanduku cha zawadi kwa sababu tu roho zenu ni nzuri. Zawadi ni ya mtu kwa mtu. Mzigo wa shule uelezwe kwa maneno kwenye kisanduku cha "mengineyo".

Baba Upendo, Muscat (Jumanne jioni)

Mwalimu, mwambie mkuu wa shule aandike haraka, agonge muhuri, apige picha akutumie. Mkuu wa shule ndiye mwenye mzigo.

Halafu kagueni hivyo vya Kiingereza. Februari 2023 Wizara ya Elimu, chini ya Profesa Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwemo. Watu wa huku nje wanaviokota kwenye maduka ya mitumba kwa sababu ni rahisi na vina katuni, wanavitupia kwenye boksi. Kimoja kikionekana, boksi lote linatiliwa shaka. Mimi sioni kwa nini kitabu cha katuni kiitikise nchi wakati shule zenyewe hazina vitabu, lakini ndiyo hali.

Ambwene, Oslo (Jumanne usiku)

Shule ya msingi haina mkuu wa shule. Ina mwalimu mkuu. Mkuu wa shule ni wa sekondari. Barua ikianza na cheo kisichokuwepo, mnategemea nini?

Na siasa pelekeni kwingine. Marufuku yapo, vitabu vitolewe, basi.

Atupele, Minneapolis (Jumatano asubuhi)

Dada Tumaini, maboksi yatatoka kwa neema ya Mungu, ila hivyo 80 vya Kiingereza vitakaa kabatini. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto wa darasa la pili aliye kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) hana la kufanya na kitabu cha maneno 900 ya Kiingereza kuhusu theluji.

Safari ijayo tumeni fedha na faili, msitume karatasi. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, na ngazi ya usomaji imeandikwa kwenye kila hadithi. Soma leseni chini ya hadithi: ikiwa CC BY, chapisha na ugawe, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Ikiongezwa NC, kugawa ni ruksa, kuuza hapana.

Steshenari yoyote yenye printa nzuri pale Tukuyu au Mbeya mjini inaweza. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo hadithi ya kurasa 16 ni karatasi nne, na jalada juu yake. Ndani gramu 80, jalada gramu 160 au zaidi. Mambo yanayoharibika ni haya: kurasa zisizogawanyika kwa nne (kitabu cha kurasa 14 kinahitaji mbili tupu mwishoni, la sivyo mpangilio mzima unavurugika), kuchapisha pande mbili na kugeuza kwa upande mrefu badala ya mfupi, nusu ya kurasa zikatoka miguu juu, na picha za rangi kutolewa nyeusi na nyeupe, fisi na usiku vikawa doa moja. Chapisha nakala moja kwanza, ikunje, isome yote, ndipo useme thelathini. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, tafuta yenye mkono mrefu au shona kwa uzi wa nailoni matundu matatu. Uzi unadumu kuliko pini, maana pini zinashika kutu Tukuyu ndani ya msimu mmoja.

Na nakala! Vichwa 10 kwa nakala tano kila kimoja ni bora kuliko vichwa 50 vya nakala moja moja. Watoto watano wakiwa na kitabu kile kile wanasoma pamoja, anayekwama anasaidiwa na jirani. Kitabu cha nakala moja kinasomwa na mmoja, wanne wanagombana.

Baba Upendo, Muscat (Jumatano mchana)

Atupele, hayo ya uzi umenikumbusha Tukuyu yenyewe, mvua ya Aprili juu ya bati hadi mwalimu anaacha kuongea. Huku jua tu, jua tu.

Mwl. Tumaini, Leeds (Jumatano usiku)

Asanteni. Atupele, ndaga fijo (asante sana), hilo la nakala tano nimelikubali. Vya Kiingereza nitaomba vipelekwe sekondari ya kata jirani, kama vitatoka.

Kwa kuwa tumefika kwenye usomaji, niongeze kwa mnaowatumia wajomba na shangazi video za watoto wakisoma. Mtoto wa Kinyakyusa akisoma "rangi" akatamka "langi", amesoma sawasawa. Lugha ya mama haina r. Ukimkatiza kila r, hadithi inakufa na mtoto anaogopa kitabu. Rekebisha matamshi siku nyingine, kwa wimbo au mchezo wa maneno. Kosa la kusoma ni akisema "rafiki" palipoandikwa "rangi": ameona herufi mbili za kwanza akakisia. Huyo mrudishe kwenye silabi, ra-ngi, kisha asome sentensi nzima upya tangu mwanzo, asiendelee kuanzia katikati.

Kuchagua kitabu kinachomfaa: afungue ukurasa wa katikati, asome, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu bado kigumu. Darasa la kwanza mstari mmoja au miwili kwa ukurasa inatosha, herufi kubwa kama za ubaoni.

Kumsomea kwa sauti ni dakika 15 kila siku, wakati ule ule, na kitabu kielekezwe kwa watoto wakati wote. Wengi husoma kikiwa kimewatazama wao halafu wanakigeuza kuonesha picha, watoto wa nyuma wanakuwa wamekwisha kuchoka. Kabla ya kufunua ukurasa, uliza moja tu: "Sasa fisi atafanya nini?" Ukiuliza maswali sita kila ukurasa, umegeuza hadithi kuwa mtihani.

Narudia: barua ni ya mwalimu mkuu au mkurugenzi?

Ambakisye, Toronto (Alhamisi asubuhi)

Wadau, mnazungumzia kutoa, hamzungumzii kufikisha wala kutunza.

Kufikisha: kutoka Dar maboksi yapande basi la Mbeya pale Mbezi, kila boksi na risiti yake, namba ya simu ya mpokeaji iandikwe pande mbili kwa kalamu isiyofutika. Mizigo ya Rungwe ishushwe Uyole, si stendi ya Nanenane, kwa sababu magari ya Tukuyu na Kyela yanakata kona pale pale Uyole. Boksi lisizidi kilo 15. La kilo 25 linapasuka pembe kwenye buti, na vitabu vya juu vinalowa kabla ya kufika Igawa. Mfuko wa plastiki mzito uwe ndani ya boksi, sio nje.

Kutunza: Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kabati la mbao lililogusa ukuta wa tofali ni shamba la ukungu. Sanduku la bati, juu ya matofali mawili, sentimita 10 kutoka ukutani, lifunguliwe mchana wa jua. Msibandike majalada kwa gundi ya unga, mende na panya wanakula kitabu pamoja na gundi. Selotepu inageuka njano na kuacha utando. Jalada la plastiki lililokunjwa ndani linatosha. Kule Makete, Iringa, ambako ni baridi zaidi, shida ni hiyo hiyo ya unyevu.

Daftari la kuazima liwe na safu tano: tarehe, jina, darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kurudisha. Namba iandikwe ndani ya jalada na ukurasa wa 5 pia, maana jalada ndilo la kwanza kung'oka. Na vitabu vitoke! Mwalimu anayefungia vitabu visichafuke ametunza karatasi tu.

Ambwene, Oslo (Alhamisi mchana)

Makete ipo Njombe tangu 2012. Miaka yote hii bado Iringa?

Ambakisye, Toronto (Alhamisi mchana)

Mkoa umebadilika, unyevu haujabadilika.

Mwl. Tumaini, Leeds (Alhamisi usiku)

Ndugu zangu, kesho ni Ijumaa. Wakala amenipigia tena. Barua. Nani anaandika?

Mama Neema, Houston (Alhamisi usiku)

Mwalimu, hilo Ambwene atakujibu, yeye ndiye mjuzi wa vyeo. Mradi TIN ipatikane, maana shule ya serikali ipo chini ya halmashauri. Au mwalimu mkuu apitie kwanza kwa Mratibu Elimu Kata.

Samahani, nje ya mada kidogo: kuna anayekwenda nyumbani Desemba? Naomba maharage ya Mbeya kilo mbili, yale ya njano ya Mbozi.

Ambwene, Oslo (Ijumaa asubuhi)

Siku hizi anaitwa Afisa Elimu Kata. Na Mbozi ipo Songwe.