Walimu wa sataranji, mbona mnaruka ufunguzi?

Wakuu, nimechoka. Kila somo la sataranji ninaloingia, na hili la juzi nimelilipia, likifika kwenye pambano la Wamarekani Donald Byrne na Bobby Fischer, New York, Oktoba 1956, mwalimu anarukia pale Fischer anapomtoa malkia wake mhanga. "Mtoto wa miaka 13 huyo!" Basi, somo limekwisha. Huo ni uvivu!

Malkia hakutolewa kimiujiza. Rudini mwanzo. Ufunguzi ni Grünfeld: Weusi (hapa Fischer) wanawaachia Weupe (Byrne) katikati ya ubao, halafu wanaibomoa taratibu. Fischer alimficha mfalme wake mapema, hatua ya 4. Byrne je? Hadi hatua ya 10 malkia wake kashasogea mara 3, mfalme bado yuko e1 (herufi ni mstari wa wima wa ubao, namba ni wa mlalo), askofu wa f1 hajaguswa. Hatua ya 11, badala ya kumtoa huyo askofu ili mfalme apate pa kujificha, anamsogeza yule wa f4 kwenda g5. Pambano liliharibika hapo! Fischer anapeleka farasi a4, mahali anapoweza kuliwa. Akiliwa, farasi wa pili anakula askari wa e4 na kuwatisha malkia na askofu kwa mpigo. Byrne akakataa kumla, lakini hatua ya 14 akachukua askari wa e7, mstari wa e ukafunguka, na hatua ya 16 ngome ya Fischer ikampiga sheki, yaani ikamshambulia mfalme, humohumo. Hayo ni ya kukaa nayo jioni nzima. Mwalimu wangu kayapita kama hayapo.

Na hatua ya 17 yenyewe hawaielezi. Askofu wa Fischer anakwenda e6, malkia kaachwa b6 aliwe. Nikauliza, vipi kama Byrne angemla askofu badala ya malkia? Jibu: "Angepoteza tu." Anapotezaje? Malkia wa Fischer anapiga sheki b5, farasi anafuatia e2 kisha g3, malkia anajitoa mhanga f1, ngome ya Byrne inalazimika kumla, farasi anarudi e2 na mfalme anafia g1, kazibwa na kete zake mwenyewe. Dakika 2 za maelezo, hata hizo tumenyimwa!

Mwenye kumjua mwalimu anayepitia Grünfeld hatua kwa hatua kwa Kiswahili amtaje hapa. Nitalipa tena, ila safari hii nauliza kwanza anaanzia wapi.