Mjadala: Kumuuliza mchungaji hesabu za sadaka ni kumgusa mpakwa mafuta?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi katika kanisa nililokulia. Tulichangia mabati kila familia kwa kadiri yake. Mama mmoja muuza maandazi alileta mia mbili mia mbili kila Jumapili, na haondoki mpaka ahakikishe nimeandika jina lake kwenye kaunta buku. Miezi ikapita, mabati hayakuja. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mpole, akasimama wakati wa matangazo akauliza fedha za mabati zimefikia ngapi. Hakujibiwa. Jumapili iliyofuata mahubiri yote yalikuwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu, na mzee akawa hana tena nafasi benchi la mbele. Baada ya ibada yule mama alinifuata nje, akaniomba nimwonyeshe jina lake daftarini. Alilipitishia kidole, akanirudishia, akaenda zake.

Naomba tulisome andiko hilo vizuri. Zaburi ile inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni, wakihama taifa hadi taifa. Walioonywa pale ni wafalme. Ni neno la kumkinga asiye na nguvu, na sisi tumelifanya ngao ya mwenye kiti.

Najua nitajibiwa kwa Daudi, aliyekata upindo wa vazi la Sauli pangoni na moyo ukamchoma. Ni kweli, hakumuua. Lakini sura hiyohiyo, 1 Samweli 24, inasema alitoka pangoni akamwita Sauli na kumweleza kosa lake, kile kipande cha nguo kikiwa mkononi. Tena aliinama kifudifudi kwanza. Heshima haikumziba mdomo.

Halafu yuko Samweli, aliyewamiminia mafuta Sauli na Daudi wote wawili. Sura ya 12 anasimama mbele ya Israeli yote, kichwa kina mvi, anauliza mwenyewe: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Kama yupo, atamrudishia. Mwenye kupaka mafuta ndiye anayeomba akaguliwe! Kwangu mimi hayo ndiyo mamlaka ya kimungu, na sioni mchungaji wa leo anapata wapi ruhusa ya kudai zaidi.

Wachungaji wanaoogopa uasi wa Kora, aliyeongoza watu kumpinga Musa jangwani, nawaelewa. Wapo wanaouliza hesabu kwa sababu wanakitaka kiti, na 1 Timotheo 5:19 inamlinda mzee asishtakiwe bila mashahidi wawili au watatu. Ndiyo maana naona swali lianzie faragha, kisha kwenye baraza la wazee, na kanisani liwe la mwisho. Ila hata katika uasi ule wa Kora, Musa alisema hakutwaa punda hata mmoja kwao.

Tangu 2023, Shakahola kule Kilifi, Kenya, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wanaodaiwa kufundishwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa. Wengi tulisema yale ni ya watu wengine kabisa. Mimi naamini safari ya namna ile huanza siku muumini anapofundishwa kuwa kuuliza ni dhambi.

Sharika nyingi za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) husoma mapato ya Jumapili iliyopita kwenye matangazo, na matumizi hupita kwa wazee. Kwenu wapendwa, hesabu husomwa lini, na anayezikagua amechaguliwa na nani?