Picha za kobe anayeuzwa mtandaoni: nitajuaje kama zimechezewa?

Mdau_Sakina

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa wanaojua wanyama hawa na wanaojua mambo ya picha. Kwenye kundi moja la WhatsApp kuna mtu anauza kobe, yule mwenye mabaka ya manjano na meusi. Anasema yuko Moshi, mimi niko Sakina, Arusha. Ametuma picha nne. Kobe anang'aa utadhani kapigwa vanishi, macho makubwa, gamba halina hata mkwaruzo. Ila kwenye picha ya kwanza anaonekana mkubwa kama sufuria ya ugali, na kwenye ya tatu anaenea kiganjani. Vilevile vigae vya sakafu karibu naye vimepinda, kama vimeyeyuka. Ametuma na picha ya kibali. Anataka nusu ya hela leo kwa simu, halafu ampakie kwenye basi. Niangalie nini kwenye hizi picha, na hicho kibali nakihakiki vipi?

FundiPicha_Kiboriloni

Vigae vimeshamuumbua. Programu za simu za kurekebisha umbo hazimvuti mnyama peke yake, zinavuta na eneo linalomzunguka. Mtu akiinua gamba au akipanua jicho, mstari wowote ulionyooka hapo jirani unakwenda nao: kiungio cha vigae, ukingo wa beseni, ubao wa meza. Kuza picha, weka ukingo wa karatasi juu ya kioo cha simu, ufuate mstari kutoka mbali mpaka ufike kwa kobe. Ukijikunja unapomkaribia na kunyooka ukishampita, umbo limeguswa. Usichanganye na lenzi pana ya simu, maana nayo hukunja mistari, lakini hukunja kwenye kingo za picha nzima na si kando ya mnyama tu.

Suala la ukubwa halihitaji hata programu. Mtu akimshika kobe na kunyoosha mkono kuelekea kamera, kobe anajaa picha na mwenye mkono anakuwa mdogo nyuma. Dai picha yenye rula iliyolazwa chini sambamba na kobe, kamera ikiwa juu moja kwa moja, na kipimo kitoke ukingo wa mbele wa gamba hadi ukingo wa nyuma kwa mstari ulionyooka. Wapo wanaozungusha futi ya fundi cherehani juu ya mgongo, na hapo sentimita zinaongezeka bila kobe kuongezeka.

Kuhusu rangi, mwache kobe, tazama vitu visivyouzwa. Mchicha ukiwaka kama taa, vidole vya aliyemshika vikiwa vya chungwa, basi rangi zimekolezwa na huwezi kuamini hayo mabaka. Namna ya kumbana muuzaji ni karatasi nyeupe. Mwombe apige picha nje kivulini, kobe akiwa juu ya karatasi ya A4. Karatasi ikionekana nyeupe, rangi ya kobe iko karibu na ukweli. Ikiwa ya njano au ya bluu, picha haijakupa rangi sahihi hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya, kwa sababu taa za ndani pekee zinatosha kuharibu.

Kisha tafuta asili ya picha. Kata kipande chenye kobe tu, kitafute kwa Google Lens. Usipopata kitu, igeuze kushoto-kulia utafute tena, maana wezi wa picha hupenda kuzigeuza. Mwambie pia atume picha kama dokumenti. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida WhatsApp huibana na kuondoa taarifa zake za ndani: tarehe, aina ya simu, programu iliyotumika. Taarifa hizo zinaweza kubadilishwa, kwa hiyo zikiwa safi hazithibitishi chochote. Lakini anayesema "nimepiga asubuhi hii" huku tarehe ni ya miaka miwili nyuma, amejimaliza mwenyewe.

DktMifugo_UsaRiver

Niongeze upande wa mnyama, kwa sababu mara nyingi kinachofutwa kwenye picha ni ugonjwa.

Gamba la kobe huyu halitakiwi kuwa laini machoni. Kila kipande kina mifereji midogo inayozungukana, mmoja ndani ya mwingine, na ndivyo gamba linavyokua. Filta ya kulainisha ngozi ya binadamu huifuta mifereji hiyo na kuacha mabaka tu, kobe anabaki kama bakuli la plastiki lililochorwa. Ukiona mabaka makali lakini hakuna mifereji hata ukikuza, imepita filta. Mng'aro nao unaweza kuwa wa mafuta ya kupikia yaliyopakwa. Hapo utaona vumbi na nyasi zimegandia kwenye maungio ya gamba.

Sasa filta huficha nini? Kwanza, vipande vilivyoinuka kama vichuguu. Hiyo hutokana na kulelewa pakavu mno angali mdogo pamoja na lishe mbaya, na haishuki tena hata ukimtunza vizuri baadaye. Pili, gamba lililolegea kwa kukosa kalsiamu na jua. Kobe anayefungiwa ndani hasaidiwi na jua la dirishani, kwa kuwa kioo huzuia ile miale anayoihitaji. Picha haiwezi kukuonyesha gamba lililolegea. Video inaweza: muuzaji abonyeze ukingo wa gamba kwa kidole gumba taratibu, nawe utazame kama linabonyea. Angalizo hapa: kobe bapa, yule wa kwenye nyufa za miamba, gamba lake ni jembamba na linanepa kwa asili, si ugonjwa. Ila huyo tangu 2019 yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, usimguse kabisa.

Macho makubwa yanayong'aa nayo yanipa mashaka. Kobe aliyekosa vitamini A au mwenye maambukizi huvimba kope, na anayepungukiwa maji macho huzama. Kupanua jicho kwenye simu ni sekunde mbili. Pua pia: mafua ya kobe huonekana kama unyevu au vipovu kwenye tundu za pua, na brashi ya kufutia huondoa hivyo kwa kunakili ngozi ya jirani. Kuza uso utafute madoa mawili yanayofanana kabisa yakiwa karibu karibu. Ngozi halisi haijirudii.

Jambo moja ambalo wengi hawalifanyi ni kuhesabu. Kobe wa aina hii ana vipande vikubwa 5 katikati ya mgongo na 4 kila upande, jumla 13, mbali na vidogo vya ukingoni. Picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba hukosea sana hapo, na hukosea kucha pia. Wapo wachache wanaozaliwa na kipande cha ziada, kwa hiyo 14 peke yake si hukumu. Ila kobe mwenye 13 kwenye picha ya kwanza na 14 kwenye ya pili ni kobe wawili, au hakuna kobe. Chagua kipande kimoja, tuseme cha pili kutoka kichwani, ulinganishe mchoro wake picha zote nne. Haubadiliki kutoka siku moja hadi nyingine, na kobe mwingine hana mchoro huohuo.

Na siku ukiuziwa kinyonga badala ya kobe, kwake rangi si ushahidi hata bila filta. Kinyonga huyohuyo hubadilika kwa joto, hofu au akikutana na dume mwenzake, na muuzaji huchagua dakika aliyopendeza. Na ukiletewa picha ya kinyonga wa bluu na nyekundu ukaambiwa ametoka msitu wa Meru, huyo ni wa Madagaska. Dume wa Meru ana pembe tatu na ni wa kijani.

Mzee_wa_Himo

Mwanangu, anza na kibali, picha zije baadaye. Kobe huyo ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamhesabu mnyamapori, awe hai au amekufa, kuwa nyara ya Serikali, na kukutwa naye bila kibali ni kosa la jinai. Kusema "niliuziwa" hakukupi kibali. Kibali cha muuzaji nacho hakikuhalalishi wewe. Basi likisimamishwa kwenye kizuizi na kobe yuko kwenye boksi lenye jina lako, wa kujieleza ni wewe.

Picha ya kibali huchezewa kuliko hata ya kobe, maana ni maandishi tu. Kinachobadilishwa ni jina, tarehe, idadi na aina ya mnyama. Kuza sehemu hizo: karatasi iliyopigwa picha ina chembechembe na vivuli kila mahali, sehemu iliyobandikwa inakuwa safi kupita jirani zake, na tarakimu zina unene tofauti au hazikai mstari mmoja. Lakini usihukumu kwa macho. Chukua namba ya kibali uende nayo kwa Afisa Wanyamapori wa halmashauri yako au ofisi ya TAWA, mamlaka ya Serikali ya usimamizi wa wanyamapori, waulize kama ipo na ni ya nani. Usipige namba ya simu iliyoandikwa kwenye picha hiyohiyo ya kibali, utapokelewa na muuzaji au mwenzake.

Mdau_Sakina

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Nimehesabu kama Daktari alivyosema: picha ya kwanza na ya pili 13, ya tatu siwezi kuhesabu kwa sababu upande mmoja umefunikwa na vidole, ya nne ni 12. Nimemwomba video ya moja kwa moja, anasema mtandao wake mbovu lakini atarekodi atume. Video iliyorekodiwa inatosha?

FundiPicha_Kiboriloni

Haitoshi kama yeye ndiye anachagua cha kurekodi. Mpe neno utakaloamua wewe sasa hivi, kwa mfano "ndizi mshale 47". Aliandike kwa mkono kwenye karatasi mbele ya kamera, asikate video, kisha amweke kobe akanyage nusu ya maandishi na kutembea. Karatasi iliyobandikwa kwenye picha ya mnato utaitambua kwa urahisi: haina kivuli chini ya mguu wala haikunjamani inapokanyagwa. Kazi yote hiyo ni dakika moja, na video fupi inapita hata kwenye mtandao dhaifu.

DktMifugo_UsaRiver

Na akitaka kukuonyesha tumbo, amwinue akiwa amelala sawa, kamera ndiyo ishuke chini. Asimlaze chali kwa muda mrefu, viungo vya ndani vinakandamiza mapafu. Lakini dada au kaka, 12 na 13 kwa mnyama mmoja haiwezekani. Hela usitume.

Mzee_wa_Himo

Namba ya kibali umeshaipeleka? Kama bado, hifadhi zile picha na mazungumzo yote bila kufuta, upande nayo ofisini kesho asubuhi.

Mdau_Sakina

Bado, Mzee. Nimemtumia neno la kuandika nikamwambia na suala la namba ya kibali. Ameniondoa kwenye kundi. Picha na kibali nimeshavihifadhi, kesho saa mbili niko kwa Afisa Wanyamapori.