Uniti nzima iende gridini, irudi nusu: ni haki?

Mwalimu, Kitengela
Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 iliruhusu mwenye sola ya hadi megawati 1 kuingiza ziada ya umeme wake kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa. Kanuni zenyewe tulizingoja hadi 2024. Zinasema kwa kila uniti unayoingiza, unahesabiwa nusu tu kwenye bili. Sasa nifikirieni: saa saba mchana watoto wako shuleni, mimi niko darasani, paneli zinafua umeme usio na mtumiaji. Saa moja jioni tunawasha taa, runinga na pasi, na jua limeshazama. Betri ya lithiamu ya kuhifadhi umeme wa nyumba nzima siimudu. Kwa hiyo mchana natoa kwa nusu, jioni nanunua kwa bei kamili. Nasema nyumba za kuishi zihesabiwe uniti kwa uniti.

Fundi wa sola, Nakuru
Mwalimu, hapo sikuungi mkono. Nguzo, nyaya na transfoma nani azilipie? Usiku gridi ndiyo betri yako. Ukirudishiwa zote, mzigo unamwangukia mama anayenunua tokeni za stima za shilingi 50. Kinachowakimbiza wateja wangu ni kodi isiyotulia. Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa vifaa vya sola, ya 2021 ikaurudisha. Mtu anadunduliza mwaka mzima, akija dukani bei imeshahama! Anayeogopa hivyo hafungi sola, hata umpe uniti mbili kwa moja.

Mpangaji, Pipeline, Nairobi
Nyote mnaongea kama wenye paa. Mimi naishi ghorofa ya tatu. Huko juu kuna matangi ya maji na kamba za nguo, na vyote ni vya mwenye nyumba. Yeye hana haja ya sola kwa sababu stima nalipa mimi. Lakini anaweza kuguswa na sheria: kanuni za 2012 ziliwataka wenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku waweke hita za sola. Basi aruhusiwe kufunga paneli na kugawa uniti za paa hilo kwenye mita zetu sote. Hata zikihesabiwa nusu, nitachangia gharama ya paneli kila mwezi pamoja na kodi ya nyumba.