Modeli za mabehewa ya makaa zinazouzwa tayari: je, usahihi unalingana na bei?

BafaMbili

Wadau, salaam. Ninakusanya mabehewa ya makaa ya mawe ya Uingereza katika skeli ya OO, yaani milimita 4 kwa kila futi moja, kwa ajili ya stesheni ndogo ya miaka ya 1930. Hununua yaliyokwisha kuunganishwa na kupakwa rangi kiwandani, kwa sababu sina muda wa kukaa na gundi na vipande vidogo vidogo. Sasa ninayo mawili kutoka kwa watengenezaji tofauti, yote ya mbao saba ubavuni, na moja limegharimu karibu mara mbili ya jingine. Tofauti pekee ninayoiona haraka ni kwamba lile la bei nafuu ni refu kidogo. Je, urefu huo ni jambo la kujali, au ninalipia jina la mtengenezaji tu?

Ekseli_na_Breki

Ndugu, urefu huo unaeleza mengi. Railway Clearing House, chombo kilichogawanya mapato baina ya kampuni za reli na pia kuweka viwango vya mabehewa ya wamiliki binafsi, kilitoa mwaka 1923 vipimo vya behewa la tani 12 lenye urefu wa futi 16 na inchi 6 bila kuhesabu bafa (vile vizuia-mgongano vya mbele na nyuma), na futi 9 kati ya ekseli na ekseli. Katika skeli yako hizo ni milimita 66 na milimita 36. Modeli nyingi za zamani ziliwekwa juu ya chasisi moja yenye milimita 40 kati ya ekseli, kwa kuwa chasisi hiyo hiyo ilitumika chini ya mabehewa ya aina nyingine, kisha bodi ikarefushwa ilingane nayo. Chukua rula upime kutoka katikati ya ekseli moja hadi katikati ya nyingine. Rangi, bafa na viunganishi hubadilishika, lakini bodi iliyorefushwa hairekebishiki bila msumeno.

Ligeuze pia ulitazame kwa chini. Umbali kati ya reli mbili za OO ni milimita 16.5, ilhali umbali halisi katika skeli hiyo ungekuwa milimita 18.83, na kwa hiyo breki zikichongwa mahali pake pa kweli zitaonekana zikining'inia nje ya magurudumu. Mtengenezaji aliyejitahidi huzisogeza ndani zikabiliane na gurudumu, na kwangu hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba fedha zimetumika penye maana.

Mwenda_Pole

Heshima kwa aliyetangulia, ila sikubaliani naye kikamilifu. Treni ya mabehewa ishirini ikipita mbele ya mtazamaji aliyesimama, milimita nne haziwezi kuonekana. Behewa jepesi linaloyumba na kuacha reli kwenye swichi, yaani pale njia inapogawanyika, huonekana na kila mtu. Mimi ningeweka fedha kwenye magurudumu ya chuma yenye ekseli zilizochongoka ncha, na kwenye uzito: wengi hukadiria gramu 25 kwa kila ekseli, na modeli nyingi hutoka dukani zikiwa chini ya hapo. Kipande cha madini ya risasi ndani ya mzigo wa makaa kinatosha.

Jambo linaloniudhi zaidi ni maandishi ya jina la mmiliki ubavuni. Huchapishwa kwa ustadi hata ukayasoma kwa lenzi, lakini mara nyingi hubandikwa kwenye bodi yoyote iliyopo kiwandani, ingawa behewa la mmiliki huyo lilikuwa la mbao tano au lilikuwa na milango ya namna nyingine. Kabla ya kulipa, tafuta picha ya behewa lenyewe yenye tarehe.

Ekseli_na_Breki

Kuhusu picha tunakubaliana. Kuhusu milimita nne, mabehewa marefu yakiwa peke yake hayaonekani kuwa na kosa, kweli; yakichanganywa kwenye treni moja na yale sahihi, yanaumbuka.

Kituo_cha_Mchanga

Niongeze la wakati, kwa sababu thamani ya modeli inategemea pia itatumika wapi. Vita vilipoanza mwaka 1939 mabehewa ya wamiliki binafsi yaliwekwa katika matumizi ya pamoja, na tarehe 1 Januari 1948 yakaingia mikononi mwa British Railways, shirika la reli la taifa, ambalo iliongeza herufi P mbele ya namba zake. Kufikia hapo rangi nyingi zilikuwa zimechujuka na mbao zilizobadilishwa ziliachwa bila rangi. Kwa hiyo behewa jekundu linalong'aa linakufaa wewe wa miaka ya 1930, lakini mwenye stesheni ya 1955 analipia uchapishaji ambao itambidi aufiche kwa uchafu. Kama nawe unafikiria kusogeza wakati mbele siku moja, nunua lisilo na mapambo mengi.

BafaMbili

Nimepima: la bei nafuu ni milimita 40, la ghali ni 36 kamili, na breki zake zinakabiliana na magurudumu. Nitaendelea na la ghali, moja moja, na yale marefu nitayapanga nyuma kwenye yadi. Je, magurudumu ya chuma yenye ekseli ya milimita 26 yataingia kwenye chasisi hiyo ya zamani?

Mwenda_Pole

Kwa kawaida yanaingia, mradi chasisi isibane kingo za ekseli. Yakiwa mazito kuzunguka, kwangua kidogo ndani ya matundu, kisha lijaribu kwenye mteremko mdogo kabla ya kuongeza uzito.