Bingwa wa kata kagoma kurudisha kombe, na mimi ndo nimepewa kazi ya kusoma historia ya makombe mbele ya mgeni rasmi. Naombeni ushauri

Katibu wa Mtama aliandika:

Wakuu habari za huko mliko, huku kwetu jua kali na mabibo yameshaanza kudondoka.

Mi ni katibu wa kamati ya michezo ya kata, upande wa Mtama huku, kata yenyewe siitaji maana wahusika wengine wamo humu humu wanasoma. Kila msimu wa korosho tunaendesha ligi ya vijiji, minada ikianza vijana wanakua na vihela mkononi kwa hiyo ada ya ushiriki haisumbui. Zamani bingwa alikua anabeba mbuzi na seti ya jezi basi, maisha yanaendelea. Msimu uliopita mdau mmoja akajitolea akatununulia kombe Kariakoo, kubwa, lina masikio mawili na kitako cha mbao, watu walilipiga picha kuliko hata wachezaji.

Sasa ligi inarudi, tumewaandikia mabingwa barua warudishe kombe lije lishindaniwe upya, wamegoma. Kapteni wao anasema siku ya fainali mgeni rasmi alisema kwenye maiki "hili ni lenu", hakusema wameazimwa. Nikaenda mwenyewe kuliangalia. Liko nyumbani kwa mama wa golikipa, juu ya kabati la vyombo, katikati ya chupa mbili za chai, na ndani yake kachomeka maua ya plastiki. Mama kaniangalia kaniambia mwanangu kavunjika kidole kwa ajili ya hiki chombo, mnakitaka mkakipeleke wapi? Nikakosa la kujibu nikanywa maji nikaondoka.

Kamati imegawanyika. Mwenyekiti anataka twende na mtendaji wa kata na mgambo. Wengine wanasema nunueni lingine. Kuna mmoja yeye anang'ang'ania timu ikichukua mara tatu ndo ibaki nalo moja kwa moja, eti ndo sheria ya dunia.

Juu ya hapo diwani kaniambia siku ya ufunguzi nisome historia ya makombe ya taifa, dakika kumi hivi, ili vijana "wahamasike". Nimeandika mstari mmoja kwamba ligi ya taifa ilianza 1965, hapo nimekwama. Nisaidieni yote mawili, kombe na hotuba.

KucheleDaima alijibu:

Mwambie mwenyekiti akienda na mgambo kuchukua kombe kwa mama wa golikipa hiyo ligi imekufa rasmi 😂😂

Kwenye hotuba anza na 1965 hivyo hivyo, bingwa wa kwanza Sunderland, ambao ndo Simba wa leo, jina walibadili 1971. Wakabeba tena 1966. Cosmopolitan 1967, halafu Yanga akajifungia nalo ndani toka 1968 mpaka 1972. Ila usikae sana kwa hao wawili, vijana wa kijijini wanawajua mpaka wamechoka. Wape stori za timu za mikoani: Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa wale wa mashamba ya miwa 1999 na 2000 mfululizo. Hapo ndo kijana wa Mtama anaanza kukaa vizuri kwenye kiti.

Na usisahau Ndanda yetu ya Mtwara ilikaa ligi kuu toka 2014 mpaka 2020, uwanja wa Nangwanda Sijaona pale vigogo walikua wanakuja wanatoka jasho. Kombe hatukuchukua sawa, ila kelele tulipiga.

Nachi Boy alijibu:

Kusini kombe limekuja mbona, Namungo si walichukua FA, lile kombe la mtoano?

Refa Mstaafu alijibu:

Nachi Boy mwanangu, hawakuchukua. Namungo walifika fainali, wakafungwa 2-1 na Simba kule Sumbawanga, Agosto 2020. Katibu sikiliza hapa vizuri, maana hotuba yako na ugomvi wako wa kombe vyote viko hapa.

Kombe la mtoano la taifa ni la zamani, sisi tulikua tunaliita Kombe la Nyerere, baadae likaitwa kombe la FAT, chama cha soka cha wakati huo. Bingwa wake alikua anaenda kucheza kombe la washindi Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafifia likapotea kabisa, kuna kizazi kizima cha wachezaji kimecheza mpaka kikastaafu bila kuliona. Limerudi msimu wa 2015/16 likiwa na mdhamini wa televisheni, na bingwa anapewa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga akawa wa kwanza kulibeba liliporudi, 2017 Simba wakawafunga Mbao ya Mwanza kule Dodoma, 2018 Mtibwa wakawafunga Singida United 3-2 pale Arusha.

Sasa 2019 fainali wakaileta kwetu, uwanja wa Ilulu Lindi, Azam na Lipuli ya Iringa. Mwandikie hilo diwani kwa herufi kubwa. Nilikuwepo. Siku ile mji ulijaa mpaka mama wa pweza pale stendi wamemaliza mzigo kabla ya mechi, na watu wa Iringa walikuja na mabasi wakawa wanalalamika joto. Chirwa wa Azam akafunga kipindi cha pili, 1-0, kombe likapanda gari likaenda Chamazi kwao Azam. Sisi tukabaki na nyasi.

Mwaka uliofuata ndo Namungo. Timu ya Ruangwa, msimu wao wa kwanza ligi kuu, wanafika fainali ya taifa. Wamefungwa, ila kwa sababu Simba alikua ameshachukua na ubingwa wa ligi anaenda Ligi ya Mabingwa, nafasi ya Shirikisho ikawaangukia Namungo. Wakawatoa Al Hilal Obeid ya Sudan, wakawatoa Primeiro de Agosto wa Angola kwa jumla ya 7-5, mechi zote mbili zikachezwa Dar baada ya msafara kukwama kwa mambo ya korona kule Luanda, wakaingia makundi na Raja Casablanca ya Morocco na Pyramids ya Misri. Makundini walipigwa, sawa. Lakini timu ya Ruangwa imecheza na Raja bila kushika kombe lolote mkononi!

Ndo nachotaka kukwambia katibu. Lile kombe lilipokua halimpeleki mtu popote lilikufa hata kama chuma kilikuwepo. Liliporudi na safari ndani yake, mpaka aliyefungwa akanufaika. Nyie bingwa wenu mmempa chuma tu, baada ya hapo haendi kokote, unategemea akiachie kwa lipi? Bingwa mpya mlipieni ada na usajili aende ligi ya wilaya. Uone kama kuna mtu atagombania kabati.

Mwera Asilia alijibu:

Refa umeongea, ila kuhusu hili la "mara tatu unabaki nalo" ngoja nimjibu huyo mjumbe wenu maana anasikia nusu nusu.

Ni kweli lilikuwepo. Kombe la kwanza la dunia, la Jules Rimet, Brazil walichukua mara ya tatu 1970 wakapewa moja kwa moja. Kombe la Mataifa ya Afrika vile vile, Ghana wakabaki na la kwanza 1978, Cameroon wakabaki na la pili mwaka 2000. Sasa muulize huyo mjumbe la Brazil liko wapi leo. Liliibiwa Rio 1983 na halijaonekana mpaka kesho. Na kabla ya hapo liliibiwa Uingereza 1966 likaokotwa na mbwa! Kombe la FA la Waingereza wenyewe, lile la mwanzo kabisa, Aston Villa walichukua 1895 wakaliweka kwenye dirisha la duka la viatu Birmingham ili wateja walione, likapita na mwizi usiku. Kwa hiyo mama wa golikipa na kabati lake mbona ana ulinzi mzuri kuliko wazungu.

FIFA walijifunza, hili la sasa lililoanza 1974 habaki nalo mtu hata ashinde mara kumi, bingwa anapewa nakala. Nyie fanyeni hivyo hivyo, kombe kubwa la kuzunguka, bingwa anapewa kombe dogo lake milele na medali. Vikombe vidogo pale Kariakoo bei yake haifiki hata ya huyo mbuzi wenu.

Bi Mkubwa wa Mikindani alijibu:

Wanangu nimesoma yote, mmeongea chuma mpaka mmemsahau mama wa watu.

Yule hana shida na kombe. Mwanae alivunjika kidole, kuna hata mtu wa kamati alienda kumpa pole? Nani alilipa hospitali? Mjibu hilo kwanza katibu. Huendi kwa mtu mzima na barua yenye mhuri, unaenda na wazee wawili, mnakaa chini, mnampa pole iliyochelewa, mnamwambia mama tumekuja kukuomba. Mpeni picha kubwa ya mwanae ameshika kombe, iwekwe fremu, iende juu ya kabati hapo hapo. Na siku ya ufunguzi yeye ndo alibebe kombe aliingize uwanjani, akabidhi kwa mkono wake. Mgambo wa nini?

Halafu nina lingine. Hao mabinti wanaocheza netiboli kwenye uwanja wa shule kila jioni wao kombe lao liko wapi? CHANETA, chama cha netiboli, kipo miaka na miaka, mabinti wa kusini wapo, ila kwenye kata mbuzi ni wa wavulana, jezi za wavulana, kombe la wavulana. Mdau akija tena mwambieni alete mawili.

KucheleDaima alijibu:

Bi Mkubwa shikamoo, hapo umemaliza. Hili la netiboli ni aibu yetu sote.

Katibu wa Mtama alijibu:

Marahaba za Bi Mkubwa mnipe na mimi 😂 Shikamoo mama. Hospitali kwa kweli walijilipia wenyewe, kamati ilikua haina kitu baada ya fainali, hela yote iliishia kwenye muziki na chakula cha wageni. Nitalipeleka kwenye kikao hili.

Refa nimekuelewa, nitaanza hotuba na fainali ya Ilulu badala ya 1965. Ila diwani atataka nitaje Muungano pia, niandike nini kifupi?

Refa Mstaafu alijibu:

Kifupi: kulikua na Ligi ya Muungano, timu za juu za bara na visiwani zinakutana. KMKM ya Zanzibar walichukua 1984, Malindi 1989 na 1992, Pamba ya Mwanza 1990. Na Majimaji ya Songea 1985, 1986 na tena 1998. Hao Majimaji ndo watu wa kusini walioshika kombe kubwa kweli kweli. Ikaja ikafa nayo, 2024 wakaifufua kama Kombe la Muungano, Simba akachukua.

Nachi Boy alijibu:

Songea sio kusini yetu, Songea ni Songea.

Refa Mstaafu alijibu:

Wakati wa Majimaji wanacheza ulikua hujazaliwa, na Nachingwea nzima ilikua inasikiliza redioni inashangilia. Kaa kimya.

Mwera Asilia alijibu:

😂😂😂 Katibu usiwasikilize hao. Kitu kimoja tu kwenye karatasi: safari hii kabla ya kukabidhi kombe andikeni fomu, timu, kapteni na mwenyekiti wa kijiji wasaini, limekabidhiwa tarehe fulani linarudi tarehe fulani likiwa zima na masikio yake yote mawili. Majina ya mabingwa yachongwe kwenye kile kitako cha mbao, hao wa mwaka jana wawe wa kwanza juu kabisa, wakiona jina lao limechongwa hasira zitapungua. Na mwambieni mgeni rasmi kabla hajashika maiki kwamba asiseme "ni lenu".

Korosho Ghafi alijibu:

Mi ningeongeza timu iweke dhamana, hata laki, ikirudisha kombe inarudishiwa.

Bi Mkubwa wa Mikindani alijibu:

Laki ya dhamana anatunza nani? Kamati hii hii iliyomaliza hela ya kidole kwenye muziki?

Katibu wa Mtama alijibu:

Mama umenishika pabaya. Dhamana tuiache, fomu inatosha. Jumapili naenda na wazee wawili kwa mama golikipa, fundi wa kuchonga nimeshaongea nae yuko Lindi mjini pale karibu na soko kuu, anachaji kwa herufi kwa hiyo kama kuna timu ina jina refu ijiandae kufupisha.